Bluzi ya mwanzo tunasimuliwa kinyumenyume

Ukimuuliza mtu anayejifanya anaijua bluzi, ule muziki wa weusi wa Marekani, akusimulie ilikoanzia, jiandae kusikia habari za jamaa mmoja na gitaa lake, njia panda, usiku wa manane, shetani anamtunia nyuzi, asubuhi yake jamaa anapiga mpaka watu wanashika vichwa. Jamaa mwenyewe ni Robert Johnson na hadithi ni tamu kweli, inauza fulana, inauza ziara za watalii kule Mississippi. Shida ni kwamba huyo Robert Johnson amerekodi mara ya kwanza Novemba 1936, ndani ya hoteli moja San Antonio, Texas, na wakati huo bluzi ya kwenye santuri ina miaka 16, imeshatajirisha watu na kufilisi watu, imeshapanda na kuporomoka, na aliyefungua huo mlango alikuwa mwanamke wa jukwaani, mzaliwa wa Cincinnati aliyehamia Harlem, nguo za kumetameta, gitaa hashiki na shamba la pamba halimhusu.

Sina nia ya kumshusha Robert Johnson, jamaa alikuwa moto. Ila nadhani tumeuziwa historia iliyopinduliwa, na sababu yake ni ya kibiashara kabisa. Kilichobaki kwenye zile santuri za zamani sio bluzi yote, ni kile kipande ambacho mwenye duka aliona kitauzika, halafu baadaye wakaja watu wengine wakachambua kile kipande na kuvisha taji zile santuri ambazo mwenye duka alishindwa kuziuza. Ukiyaweka hayo mawili kichwani mambo mengi ya huu muziki yanaanza kueleweka.

Turudi 1920. Bluzi yenyewe ilikuwepo siku nyingi, W.C. Handy, mtunzi na kiongozi wa bendi mweusi, alisimulia kwamba karibu 1903 alikuwa anasubiri treni stesheni ya Tutwiler, Mississippi, akamsikia mtu mweusi, nguo zimechakaa, anakandamiza kisu kwenye nyuzi za gitaa huku anaimba, na Handy huyo huyo ndo akaja kuchapisha nota za "Memphis Blues" mwaka 1912 na "St. Louis Blues" mwaka 1914. Lakini nyimbo hizo zilipoingia kwenye santuri ziliingia kwa mikono ya bendi za wazungu na midomo ya wazungu. Sio kwamba mtu mweusi alikuwa haruhusiwi kabisa kurekodi, Bert Williams alikuwa staa mkubwa tu, ila alikuwa anauzwa kama mchekeshaji kwa wateja weupe. Makampuni yalikuwa yameshajiaminisha kwamba watu weusi hawanunui santuri, na kama hawanunui kuna haja gani ya kuwarekodia muziki wao. Hakuna aliyekwenda kuuliza.

Aliyeuliza, tena kwa kelele, ni Perry Bradford, mtunzi na mpiga piano mmoja mbishi ambaye wenzake walimbandika jina la nyumbu kwa sababu ukimsukuma kulia anakwenda kushoto. Bradford alizunguka ofisi za New York anawaambia wazungu kwamba kuna mamilioni ya weusi hapa nchini, wana hela, watanunua mtu wao akiimba. Wakubwa walimtolea nje. Akaishia kwa Fred Hager wa kampuni ya OKeh, ambayo ilikuwa ndogo na yenye njaa, na hata Hager mwanzoni alitaka nyimbo za Bradford ziimbwe na Sophie Tucker, mzungu. Bradford akakomaa na mwimbaji wake wa Harlem, Mamie Smith, yule mwanamke wa jukwaani niliyemtaja mwanzo. Tarehe 14 Februari 1920 wakamjaribu na nyimbo mbili za kawaida, zikauzika, na tarehe 10 Agosti akaingia tena na "Crazy Blues".

Ile santuri ilivyotoka ni kama kuna mtu kafungua koki. Maelfu kwa maelfu ndani ya wiki chache, mitaa ya weusi Harlem na Chicago inalia wimbo mmoja, na huko Kusini ambako maduka mengi hayakuwa na mzigo, wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala ya Pullman wakawa wanazibeba kwenye treni na kuziuza stesheni kwa stesheni kwa bei wanayotaka wao. Hawa wahudumu mimi nawapa heshima kubwa kuliko wanavyopewa, maana ndo waliokuwa mtandao wa usambazaji kabla kampuni yoyote haijajua kuna soko, na wala hawakuwa wanalipwa na kampuni kufanya hiyo kazi.

Sasa tazama makampuni yalivyogeuka. Yale yale yaliyosema weusi hawanunui yakaanza kupigana vikumbo kutafuta mwanamke mweusi anayeimba bluzi, yeyote yule, Lucille Hegamin, Edith Wilson, Alberta Hunter, Trixie Smith, Ida Cox, Clara Smith, kila kampuni na wake. Wakatenga orodha maalumu za santuri za watu weusi na namba zake kabisa, OKeh walianza mfululizo wa 8000 mwaka 1921, Paramount wakaja na 12000 mwaka 1922, matangazo yanawekwa kwenye gazeti la Chicago Defender na sio kwenye magazeti ya wazungu. Hiyo orodha ya kutenga imefanya madhara ambayo mpaka leo tunaishi nayo, kwa sababu ilipofika zamu ya watu wa mashambani, weusi wakaambiwa ninyi bluzi na nyimbo za kanisani, wazungu wakaambiwa ninyi violin na banjo, wakati kijijini watu hao walikuwa wanaibiana nyimbo kila Jumamosi na weusi wapiga violin walikuwepo tele. Ukisikiliza santuri unaweza kudhani walikuwa sayari mbili tofauti.

Harry Pace, mweusi, aliyekuwa mshirika wa Handy kwenye biashara ya nota, aliona hilo soko haliwezi kuachiwa wazungu peke yao, akaanzisha Black Swan mwaka 1921, na W.E.B. Du Bois, msomi na mpigania haki za weusi, akiwa kwenye bodi. Ethel Waters akawapa mauzo ya maana na "Down Home Blues". Ila Pace na wenzake walikuwa wasomi wanaotaka muziki wa kuinua hadhi, na Bessie Smith alipokuja kujaribiwa wakamuona mshamba sana wakamwacha aende. Mwaka 1924 Black Swan ikaishia mikononi mwa Paramount, na Bessie alikuwa Columbia anavunja rekodi. Hili jambo huwa linaniuma na kunichekesha kwa pamoja, kampuni ya weusi kwa ajili ya weusi inamkataa mwimbaji ambaye weusi wenyewe walikuwa wanapanga foleni kumuona kwenye mahema.

Bessie alirekodi "Downhearted Blues" tarehe 16 Februari 1923. Wimbo haukuwa mpya, uliandikwa na Alberta Hunter pamoja na Lovie Austin na Hunter alishaurekodi Paramount mwaka uliotangulia, lakini sauti ya Bessie ilikuwa kitu kingine, nzito, haina haraka, neno linavutwa mpaka linatoa maana ambayo aliyeliandika hakuiweka. Columbia ilikuwa iko hoi kifedha mwaka huo na mauzo ya huyu mwanamke yalisaidia kuinyanyua. Malipo yake? Dola 125 kwa kila upande wa santuri uliokubalika, baadaye zikaongezwa, na asilimia ya mauzo hakuna. Alirekodi kama nyimbo 160 pale. Watu wanapenda kusema alikuwa analipwa vizuri kuliko weusi wengine na ni kweli, alikuwa na behewa lake mwenyewe la treni kwa ajili ya ziara, lakini ile hela ilitoka jukwaani, sio kwenye santuri. Santuri ilikuwa promo yake tu na faida ya promo inakula kampuni, jambo ambalo msanii wa leo anayelipwa visenti na mitandao ya kusikiliza muziki hahitaji kuelezwa mara mbili.

Kuna suala la kiufundi hapa ambalo wachambuzi wengi wanaliruka. Kwa nini wanawake wa jukwaani kwanza na wanaume wa magitaa baadaye? Sehemu ya jibu ni biashara, hao wanawake walikuwa tayari ni majina. Ila sehemu nyingine ni ile mashine. Mpaka 1925 hakukuwa na maikrofoni, mwimbaji anasimama mbele ya bomba kubwa lenye umbo la tarumbeta, sauti yake ndo inatikisa kiwambo na kiwambo kinatikisa sindano inayochora kwenye nta, hakuna umeme wa kuikuza. Mtu aliyezoea kujaza hema bila spika analifaa lile bomba. Gitaa la kawaida halisikiki vizuri pale, linamezwa. Kuna waliojaribu, Sylvester Weaver alirekodi gitaa tupu kwa OKeh mwishoni mwa 1923 na Papa Charlie Jackson akaja 1924 Paramount na banjo lake lenye sauti ya kukata, na ukisikiliza utajua kwa nini banjo lilipenya. Mwaka 1925 Victor na Columbia wakaanza kutumia maikrofoni, na taratibu mtu mmoja, sauti ya kawaida, gitaa mapajani, akaanza kuwa kitu kinachowezekana kuuzwa.

Na hapo ndo tunafika kwa wauza viti.

Paramount, kampuni iliyorekodi sehemu kubwa ya bluzi ambayo leo watu wanaililia, ilikuwa mali ya kiwanda cha samani, Wisconsin Chair Company, mji wa Port Washington, kaskazini kabisa kwenye baridi, kwa watu ambao bluzi wala walikuwa hawaipendi. Walianza kutengeneza makabati ya gramafoni kwa ajili ya wengine, wakaona watengeneze gramafoni zao, na mtu akinunua gramafoni atahitaji santuri, kwa hiyo wakafungua na kiwanda cha santuri pale Grafton. Yaani ni kama muuza majiko ya gesi anayejaza na mitungi kwa sababu jiko bila mtungi haliendi. Muziki ulikuwa kiambatanisho cha kabati. Na kwa sababu hawakuwa na hela ya kushindana na Victor kwa mastaa wa kizungu wakaingia kwenye soko la weusi, kule ambako msanii ni rahisi. Udongo waliotumia kugandamizia santuri ulikuwa wa hovyo, ndo maana mpaka leo ukisikiliza Paramount ya zamani unasikia kama mtu anakaanga samaki nyuma ya mwimbaji.

Msimamizi wao Chicago alikuwa J. Mayo Williams, mweusi, msomi wa Chuo Kikuu cha Brown, mtu aliyecheza mpaka ligi kuu ya mpira wa Kimarekani wakati weusi ndani yake walikuwa wa kuhesabu. Yeye ndo alikuwa sikio la Paramount, alimpata mwimbaji Ma Rainey mwaka 1923, na bila yeye sijui ile kampuni ingerekodi nini. Ila Williams hakuwa na mshahara wa kueleweka, alikuwa anaishi kwa kukata kwenye haki za utunzi, kwa hiyo msanii anasaini karatasi, anapewa hela ya siku ile, na wimbo unahamia kwenye kampuni ya uchapishaji ambayo Williams anaisimamia. Sitaki kumchora kama shetani wa hadithi, mfumo ulikuwa umemweka hapo, mtu mweusi kwenye kampuni ya wazungu anayelipwa kwa kuwanyonya weusi wenzake. Ila wasanii walipigwa, hilo halina namna nyingine ya kulisema.

Blind Lemon Jefferson ndo aliyegeuza meza. Kipofu wa Texas, mpiga gitaa wa mtaani Dallas, muuza santuri wa pale ndo akawaambia Paramount kuna mtu hapa, wakampeleka Chicago, na santuri zake za mwanzo wa 1926 zikauzika kiasi kwamba moja ilibidi airekodi upya kwa sababu sahani mama yake ilichakaa kwa wingi wa kuigandamiza. Msikilize anavyopiga, halindi mdundo hata kidogo, anaimba mstari halafu gitaa linaondoka linakojua lenyewe, linarudi likiamua, na mashabiki wa dansi sijui walikuwa wanachezaje. Paramount walimtolea mpaka santuri yenye karatasi ya rangi ya limao na picha yake. Alirekodi nyimbo zaidi ya 80 akafa Chicago Desemba 1929. Baada ya zile santuri zake za 1926 kila kampuni ilikuwa inatafuta mtu mwenye gitaa kutoka Kusini, kama vile miaka sita nyuma ilivyokuwa inatafuta mwanamke wa jukwaani.

Sasa hapa ndo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndo historia imepinda. Wale wasaka vipaji, maarufu wao H.C. Speir, mzungu mwenye duka mtaa wa Farish, Jackson, Mississippi, walikuwa na sharti, mtu aje na nyimbo nne zake mwenyewe, angalau. Sio nyimbo nzuri, nyimbo zake. Kwa nini? Kwa sababu wimbo wa mtu mwingine unadaiwa malipo ya utunzi, wimbo mpya unasajiliwa kwa jina la kampuni. Ralph Peer, aliyekuwa msaidizi pale OKeh wakati Mamie Smith anarekodi, aliufanya huu mchezo kuwa sanaa, alipohamia Victor alikubali kufanya kazi bila mshahara wa maana ilimradi haki za nyimbo zibaki kwake. Wazungu wenzake walimuona mjinga, mpaka walipoona hundi.

Kwa hiyo mwanamuziki wa kijijini, ambaye Jumamosi anapigia dansi, Jumapili anapiga za kanisani, anajua nyimbo za sinema, anajua waltz, anajua za kizungu za kuombea hela barabarani, anaingia studio anaambiwa hizo zote weka pembeni tupe bluzi zako nne. Rafiki yake Robert Johnson aliyetembea naye, Johnny Shines, alikuwa anasema jamaa alikuwa anapiga chochote alichokisikia kwenye redio, mpaka polka, mpaka nyimbo za Bing Crosby. Hakuna hata moja iliyorekodiwa. Tumebaki na nyimbo 29 za giza na mbwa wa jehanamu tunasema alikuwa mtu wa huzuni anayewindwa na mashetani. Labda. Au labda alikuwa kijana wa kazi anayejua mteja wa siku ile anataka nini.

Na muda. Upande mmoja wa santuri ni kama dakika tatu basi, wakati kwenye vilabu vya mashambani wimbo mmoja unaweza kwenda mpaka wachezaji wachoke. Ule mpangilio tunaouona wa kiasili, beti nne tano halafu kwisha, ni ukubwa wa sahani ndo ulioamua.

Huyo Peer ana mkia mmoja unaotugusa huku kwetu. Agosti 1927 alimrekodi mzungu mmoja mwenye kifua kikuu, Jimmie Rodgers, pale Bristol, Tennessee, ambaye alikuwa anaimba bluzi za weusi na kuzichanganya na ule wito wa kupindua sauti, ila kwa sababu ya rangi yake akawekwa kwenye orodha ile nyingine. Santuri zake zikasafiri na gramafoni za wazungu mpaka nchi ya Wakipsigis huko Kenya, na mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipokwenda na mashine zake za kurekodi akakuta wasichana wanamwimbia kiumbe anayeitwa Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers kwa matamshi yao, nusu mtu nusu paa, wanamkaribisha aje kucheza. Peer asingeweza kuisajili hiyo. Na wakati Rodgers anapanda chati, Machi 1928, Siti binti Saad alikuwa Bombay anarekodi kwa HMV, kampuni ndugu ya Victor, mbwa yule yule mbele ya bomba lile lile, na hesabu zilikuwa za kufanana, tafuta watu ambao hawana santuri za lugha yao, uwauzie na gramafoni. Siwezi kusema taarab na bluzi ni kitu kimoja maana sio, ila wenye maduka walikuwa ni wale wale.

Charley Patton ndo mtu ambaye Speir alijivunia. Jamaa wa shamba la Dockery, sauti kama changarawe, anapiga gitaa nyuma ya kichwa. Tarehe 14 Juni 1929 alirekodi nyimbo 14 kwa siku moja Richmond, Indiana, kwenye studio ya Gennett ambayo ilijengwa pembeni ya reli, treni ikipita mnasimama mnasubiri. "Pony Blues" ikauzika vizuri. Mei 1930 Paramount wakamwita tena Grafton, akaja na Son House, Willie Brown na mwanadada mpiga piano Louise Johnson, na kile kikao ukikisikiliza leo nywele zinasimama. Son House alikumbuka kulipwa dola 40, akaona ni hela nyingi kuliko mavuno ya mwaka mzima.

Lakini angalia tarehe. Mei 1930, soko la hisa limeshaanguka, pamba haina bei, mnunuzi wa hizi santuri ni mtu anayelima shamba la mwenzake kwa kugawana mavuno. Mwaka 1927 Marekani iliuza santuri zaidi ya milioni 100, mwaka 1932 ziliuzwa kama milioni 6. Son House alitoka, hakuna aliyenunua. Skip James alirekodi pande 18 Februari 1931, hakuna aliyenunua. Paramount ikaacha kurekodi 1932, sahani mama za chuma zikauzwa kama vyuma chakavu, na santuri moja ya Willie Brown iliyotangazwa wakati ule mpaka leo haijaonekana hata nakala moja.

Basi songa mbele mpaka miaka ya 1940 na 1950, New York, kikundi kidogo cha wazungu wakusanyaji, wengi wao wapweke, akiwemo James McKune aliyekuwa anaishi chumba cha YMCA Brooklyn na santuri zake chini ya kitanda. Hawa Bessie Smith hawakumtaka, yupo kila mahali, alishauza sana. Leroy Carr hawakumtaka, mpiga piano wa Indianapolis ambaye "How Long, How Long Blues" ya 1928 ilikuwa kila nyumba ya mtu mweusi, waimbaji wa Mississippi wenyewe walikuwa wanamuiga, Robert Johnson akiwemo, ukisikiliza vizuri unamsikia Carr kila mahali mle. Walichotaka wakusanyaji ni kile ambacho hakipatikani, na kisichopatikana kikaanza kuitwa cha kweli. Kutouzika kukawa ushahidi wa usafi. Mwaka 1961 Columbia wakatoa LP ya Robert Johnson wakamwita mfalme wa waimbaji wa bluzi wa Delta, zile tambarare za Mississippi, mtu ambaye hiti yake pekee, "Terraplane Blues", iliuza nakala elfu chache, na vijana wa Uingereza wakaidaka, na mwaka 1990 boksi la nyimbo zake likauza zaidi ya nakala milioni. Hata ile ya njia panda haikuwa yake, waliokwenda kuuliza Mississippi walisimuliwa na kaka wa Tommy Johnson, mwanabluzi mwingine kabisa asiye ndugu wa Robert, kwamba Tommy ndo alikwenda. Na santuri moja ya huyo Tommy iliuzwa mtandaoni mwaka 2013 kwa dola 37,100. Tommy alishakufa 1956.

Hao wakusanyaji wametuokolea mengi, hilo siwanyimi, bila wao Patton angekuwa udongo. Mwaka 1963 walimpata Mississippi John Hurt akiwa hai kijijini Avalon kwa sababu tu alikitaja hicho kijiji kwenye wimbo wa 1928, mwaka uliofuata wakampata Skip James hospitalini na Son House Rochester, New York, wazee wakapanda majukwaa wakalipwa kidogo kabla ya kufa. Ugomvi wangu na wao ni kwamba ladha yao binafsi imegeuka kuwa kitabu cha historia, na ladha hiyo haikuwa na nafasi kwa mwanamke mwenye lulu shingoni anayeimba na bendi. Utawasikia mpaka leo wanasema wale wanawake walikuwa "wa kibiashara", kana kwamba Lemon alikuwa anaimbia sadaka. Wateja weusi wa miaka ile, wenye senti 75 mkononi na mambo mengine chungu nzima ya kununua, walimchagua Bessie, walimchagua Lemon, walimchagua Leroy Carr na Lonnie Johnson na ile "It's Tight Like That" ya Tampa Red na Georgia Tom. Hiyo ndo kura pekee iliyowahi kupigwa na wenye muziki wenyewe.

Kwa anayetaka kuanza kusikiliza, vingi viko mtandaoni bure, mimi ningefuata tarehe. Mamie Smith wa 1920, utaona sio bluzi unayoitarajia, ni bendi inayocheka na kulia. Bessie wa 1923, halafu "St. Louis Blues" yake ya Januari 1925 na Louis Armstrong ambapo tarumbeta inamjibu mstari kwa mstari. Papa Charlie, Lemon na kelele zake zote, Carr wa 1928, Patton wa 1929. Skip James msikilize peke yako bila kufanya kitu kingine. Robert Johnson muweke wa mwisho, na ukifika kwake utashangaa ni mistari mingapi, ni milio mingapi ya gitaa umeshaisikia tayari kwa watu wengine, jamaa alikuwa amekaa na hizo santuri anazisoma.